Goti linauma, na dosie iko wapi?



Alhamisi iliyopita tulikuwa tunatwanga sombe kwa ajili ya matanga ya jirani. Kazi ilipoisha, mama mmoja wa kundi letu alishindwa kuinuka. Tulimshika mikono, mmoja huku na mmoja huku, mpaka akasimama. Kuna aliyemtania kwamba uzee umefika. Yeye hakucheka. Alisema: "Goti hili si la uzee. Ni la mwaka 2000."

Sisi tuliokuwa watu wazima wakati ule tulinyamaza. Kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji wetu wa Kisangani. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa na karibu 1,700 waliojeruhiwa. Mama yetu alikuwa anakaa ng'ambo, katika komini ya Tshopo. Kipande cha bombe kilimwingia gotini. Walikitoa, kidonda kikapona, akarudi sokoni. Maumivu yenyewe yalianza miaka mingi baadaye, wakati kila mtu alikuwa amekwisha kusahau.

Alipeleka dosie yake kwenye ofisi moja, ikarudishwa. Karatasi ya munganga ilikuwa na maneno matatu tu: "maumivu ya viungo". Kwa maneno hayo, nani anaweza kujua kama ni vita, ni mzigo au ni miaka?

Pesa zinazozungumzwa ni zipi?

Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye iliamua kwamba Uganda ilipe nchi yetu dola milioni 325. Katika hizo, milioni 225 ni kwa ajili ya watu: waliokufa, waliojeruhiwa, waliobakwa, watoto walioingizwa jeshini, na waliokimbia makwao. Milioni 40 ni za mali iliyoharibiwa, na milioni 60 ni za utajiri wa nchi ulioporwa. Uganda ilipewa miaka mitano ya kulipa, milioni 65 kila mwaka kuanzia Septemba 2022. Mfuko wa serikali unaohusika na kuzigawa unaitwa FRIVAO, na makao yake yako hapa hapa Kisangani.

Lakini tusichanganye njia. Raia aliyeumizwa katika vita ile anaelekea FRIVAO. Mwanajeshi wa FARDC aliyevunjika akiwa kazini ana njia yake ya jeshi na ya wizara ya ulinzi na wapiganaji wa zamani. Wamama wenye mabwana waliokuwa askari, msipeleke karatasi za bwana kwenye mlango usio wake. Mtapoteza miezi, na pesa za mtumbwi na za toleka juu yake.

Kwa nini goti linauma baada ya miaka?

Tulimwomba munganga mmoja atueleze. Alisema mwisho wa mfupa, pale unapokutana na mwenzake, umefunikwa na kitu laini kinachoteleza, kama ile gegedu nyeupe tunayoiona kwenye mguu wa kuku. Risasi, kipande cha bombe au mvunjiko ukigusa pale, kile kilaini kinaharibika na hakirudi vizuri. Kinaendelea kulika polepole. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea vizuri miaka kumi, kisha goti linaanza kuvimba, kukaza asubuhi na kulia linapokunjwa. Wanganga wanauita ugonjwa huo artrozi.

Lakini si kila goti ni la vita. Artrozi inaletwa pia na miaka, uzito wa mwili na kubeba mizigo mikubwa. Kuna magonjwa mengine yanayovimbisha viungo vya mikono miwili kwa pamoja. Na mwenye damu ya SS anaweza kuharibika nyonga akiwa bado kijana. Munganga mwaminifu hawezi kuandika "vita" kwa sababu tumemwomba. Anaandika kile anachokiona.

Maswali matatu ya dosie

Anayesoma dosie ya namna hii anatafuta majibu ya maswali matatu.

La kwanza: ni nini kilitokea, wapi na lini? Hapa inasaidia fishi ya zamani ya hopitali au dispensari, hata ikiwa imechanika. Kama iliungua au ilipotea, tafuteni watu walioona: jirani wa wakati ule, au aliyewabeba. Waandike majina yao, walichoona kwa macho yao, na watie sahihi.

La pili: leo kuna ugonjwa gani? Munganga ataje kiungo chenyewe, goti la kuume au la kushoto, na kovu liko wapi. Picha ya radio iwekwe pamoja na maelezo yake. Aandike pia kile ambacho mgonjwa hawezi kufanya tena: kuchuchumaa, kubeba beseni, kupanda kutoka mtumbwini.

La tatu: mambo hayo mawili yanaunganishwa na nini? Hapo ndipo dosie ya mama yetu ilipoanguka. Munganga anapaswa kusema kama ugonjwa wa leo unaweza kutoka katika jeraha la zamani, na kwa nini.

Mkitoa karatasi, toeni kopi na mbaki na asili. Ombeni alama ya kupokea yenye tarehe. Na mtu akija nyumbani kusema atawapitishia dosie mkimpa pesa kwanza, mfungieni mlango.

Wakati tunangoja

Goti haliwezi kungoja ofisi. Kaeni kwenye kiti, nyosheni mguu mmoja mpaka uwe sawa, hesabuni mpaka tano, shusheni. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Nyama za paja zikiwa na nguvu, goti linapumzika. Kinu na jiko viwekwe juu kidogo, tusikae chini kwenye kibao saa nzima. Mzigo mmoja mkubwa uwe miwili midogo. Na fimbo si haya.

Tuogope sindano na vidonge vya deksametazoni vinavyouzwa ovyo. Maumivu yanakwisha haraka, lakini vikitumiwa muda mrefu vinapandisha sukari na tansio, na kudhoofisha mifupa. Diklofenaki na ibuprofeni za kila siku zinatoboa tumbo na kuumiza figo. Munganga aulizwe kwanza.

Mama yetu alirudi kutafuta. Dada yake alikuwa ameweka fishi ya dispensari ya mwaka 2000 ndani ya Biblia. Sanduku la kundi lililipa picha ya radio, na wawili wetu tulivuka mto pamoja naye. Dosie imepokelewa tena, safari hii ina alama na tarehe. Jibu bado.

Alhamisi ijayo, kila mama mwenye jeraha la wakati ule, au anayemtunza mtu mwenye jeraha, alete karatasi alizo nazo, hata moja. Wanaojua kusoma Kifaransa watawasomea wengine. Tutaanzia hapo.