Ndege za Walikale kwa karto na kole

Hapa Goma ni vigumu kupata parsele yenye watoto ambayo haijaona avio ya karto. Mtoto anakata bawa kwenye karto ya biskuti, anapitisha kijiti, anaweka vifuniko vya chupa kuwa magurudumu, kisha anakimbia nayo barabarani akinguruma kwa mdomo. Ule ni mchezo mzuri. Lakini kuna kazi nyingine ya karibu nao, ambayo hata papa mwenye ndevu nyeupe anaweza kuifanya bila haya: kutengeneza ndege ndogo kwa kipimo. Kila sehemu inapunguzwa kwa hesabu moja, mpaka mtu aliyepanda ile ndege ya kweli akiiona aseme, ndiyo hii. Kwa Kifaransa ni maquette, sisi tunasema maketi.

Juu ya nini tunaiandika kwenye ukurasa wa wachimbaji? Sababu ndege zilizobeba jasho lenu hazina makumbusho. Tangu vita ilipoingia mjini mwisho wa Januari 2025, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na mlio ambao tulizoea tangu asubuhi ukanyamaza. Mtoto anayeanza kusema leo hajui Let-410 ni nini. Wale wanaojua ni baba zake na wajomba zake, na wao wanazeeka.

Zile ndege za Kilambo

Waliofanya Bisie wanakumbuka vizuri. Kasiterite ilianza kuchimbwa kule mwaka 2002, katikati ya pori la Walikale. Mzigo ulitoka shimoni ukapanda mgongoni. Wabeba mizigo walitembea na kilo 50 njia ya pori ya zaidi ya kilometa 40 mpaka Njingala. Kutoka pale magari yakapeleka Kilambo, na Kilambo hakukuwa na uwanja wa kweli: ndege zilitua kwenye kipande cha barabara. Gari na pikipiki zinasimamishwa, ndege inashuka, inapakiwa, inaruka. Kwa gari, njia ya Goma ilikuwa matope na vizuizi, siku hata wiki. Kwa ndege ilikuwa chini ya saa moja. Ikirudi Walikale inaleta mchele, sabuni, bia, mabati.

Ndege zenyewe zilikuwa ndogo na ngumu, zilizozaliwa Ulaya ya Mashariki: Antonov-28 yenye mikia miwili, na Let-410 ya Czechoslovakia, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1969. Leo Bisie kuna kampuni kubwa inayotoa kasiterite kwa mashine tangu 2019, na mzigo unaondoka kwa kamio. Ile enzi ya Kilambo imepita. Haina sanamu popote. Chukudu iko na sanamu yake kwenye rompwe hapa mjini, na ilistahili. Ndege ya Kilambo je?

Hesabu ya hamsini

Mafundi wa maketi duniani wanapenda sana kipimo cha 1/72, ambacho makampuni ya plastiki kama Airfix ya Uingereza yalieneza miaka ya 1950. Lakini kwa mtu anayetumia karto na lati ya shule, kugawanya kwa 72 ni kujitafutia maumivu ya kichwa. Sisi tunashauri 1/50. Hapo hesabu ni moja tu: kila meta moja ya ndege inakuwa sentimeta mbili.

Tuchukue Let-410 ya aina ya UVP-E. Urefu wake ni meta 14,42. Kwenye maketi unapata sentimeta 28,8. Mabawa, kutoka ncha hadi ncha, ni meta 19,98, basi sentimeta 40. Kimo chake ni meta 5,83, basi sentimeta 11,7. Elisi yake iko na meta 2,3, ambazo zinakuwa sentimeta 4,6. Mtu wa meta 1,70 anasimama kando yake akiwa na sentimeta 3,4.

Na magunia? Hapo ndipo mchimbaji anamshinda fundi wa Ulaya. Mtu asiyejua madini atatengeneza magunia marefu kama ya mahindi. Nyinyi munajua kwamba kilo 50 za kasiterite hazijazi hata nusu ya gunia la mahindi la uzito uleule, kwa sababu lile jiwe ni zito karibu mara saba kuliko maji. Gunia lake ni fupi, gumu, limefungwa shingo chini. Kwenye kipimo chetu halizidi kipande kidogo cha kitambaa kilichojazwa mchanga, sawa na punje kubwa ya haragi. Ukiliweka sawasawa, kila aliyefanya Kilambo atajua kwamba hii kazi imefanywa na mtu wa kwao.

Hii hesabu si ya ndege tu. Mtoto anayeelewa kwamba meta 14,42 ni sentimeta 28,8 yuko tayari kuelewa tenere, ile sehemu ya mia inayoamua bei ya koltani. Kilo 40 zenye tenere ya 30 zina kilo 12 za kitu ambacho mnunuzi analipia. Ni uwiano uleule, lati ileile. Papa anayekaa na mwanawe jioni juu ya mabawa ya karto anamfundisha namna ya kumfuata negosia na kalkileta yake, asidanganyike.

Namna ya kuijenga

Chora kwanza kwenye kaye ya karo: ndege ikionekana kwa ubavu, kwa juu na kwa mbele. Picha za simu zinasaidia, hata za ndugu aliyejipiga mbele ya ndege akitabasamu. Hesabu pia pale elisi. UVP-E iko na visu vitano kila upande na matangi madogo kwenye ncha za mabawa. Zile za UVP za kabla yake ziko na visu vitatu, na mabawa yake ni mafupi kidogo.

Kwa mwili, kata vipande vya karto ngumu kama vile unavyokata mkate: kimoja cha pua, kimoja cha piloti, vinne vya tumbo, kimoja cha mkia. Vipange kwenye kijiti cha mwanzi, kisha funika na karto nyembamba ya sanduku la dawa. Mabawa yanahitaji kitu chepesi. Mti wa parasolie unaoota kila fasi Walikale pori linapokatwa unafaa sana, au ubongo wa bua la mahindi lililokauka. Bawa la Let-410 liko juu ya mwili, halitoki ubavuni. Watu wengi wanakosea pale. Magurudumu makubwa yanatoka kwenye vifuko viwili vya tumbo, na dogo liko chini ya pua. Kandambili nzee ikikatwa kwa bomba la kalamu inatoa magurudumu mazuri. Kopo la sardini linatoa elisi, lakini fungeni vidole kitambaa, lile bati linakata kama wembe.

Halafu inakuja shida ambayo kila anayeanza anakutana nayo. Unamaliza ndege, unaiweka mezani, na inakaa kwa mkia kama mbwa, pua juu. Uzito wa nyuma umeshinda. Dawa yake ni kujaza pua kabla ya kuifunga: bulo ndogo, jiwe, au mchanga mzito. Risasi ya betri nzee musiiguse. Ni sumu, na watoto wanatia vidole mdomoni.

Ndege ya kweli iko na sheria ileile. Tarehe 25 Agosti 2010 Let-410 moja ilianguka Bandundu ikaua watu 20. Mmoja tu alipona, na yeye alisimulia kwamba mamba aliyefichwa kwenye mzigo alitoka, abiria wakakimbilia mbele, ndege ikapoteza usawa. Mtu akishapigana na pua ya maketi anaelewa kwa nini aliyepanga magunia vibaya aliweza kuua piloti na abiria pamoja.

Ukiwa na mizani ndogo, pima kazi yako. Let-410 iliyojaa ilikuwa na tani 6 na kilo 400. Kwa sababu urefu, upana na kimo vyote vimegawanywa kwa 50, uzito unagawanywa kwa 50 mara tatu, yaani kwa 125.000. Unapata gramu 51. Waulizeni watoto kabla ya kuwaambia. Wengi watajibu kilo 128, na hapo somo linaanza.

Rangi

Rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kazi ya nyumba inatosha. Ipunguze iwe nyepesi, paka mara tatu nyembamba kuliko mara moja nzito, na kila mara uache ikauke. Fanyeni nje, mbali na mbabula, sababu mvuke wake unashika moto. Kama umetumia frigoliti kwa mwili, ifunike kwanza na karatasi na kole ya unga, la sivyo ile rangi itaila mbele ya macho yako.

Na musiiache nyeupe kama sahani ya arusi. Ndege ya Kilambo ilikuwa na vumbi jekundu tumboni na kwenye magurudumu, moshi mweusi nyuma ya mota, rangi iliyobanduka kwenye mlango ambapo magunia yalisuguana kila siku. Vumbi la kweli, likisagwa na kupakwa na kitambaa kikavu, ni zuri kuliko rangi yoyote ya duka.

Ifanyeni kwa pamoja

Ulaya na Amerika watu wa maketi wanakutana kwenye vyama. Kile kinachojulikana zaidi, IPMS, kilizaliwa Uingereza mwaka 1963. Lakini tusifikiri kwamba ni ufundi wa kigeni. Hapa Kongo tulikuwa na Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufa mwaka 2015. Alikuwa mtengenezaji wa vitu vya zamani kwenye makumbusho ya taifa Kinshasa, kisha akajenga miji mizima kwa karatasi, karto na makopo. Mwaka 2018 makumbusho ya MoMA, New York, yalimfungulia maonyesho makubwa. Karto ni ileile tunayotupa kila siku.

Jumapili nyuma ya misa au ibada, watu wanne wanatosha. Aliyebeba mizigo anakumbuka mlango ulifunguka upande gani. Fundi wa chukudu anajua mbao na gundi. Mchoraji wa vibao vya maduka iko na mkono wa kuandika herufi ndogo za 9Q mkiani. Mtoto wa shule anashika lati. Mama aliyeuza chakula pale Kilambo anakumbuka kuliko wote, na mara nyingi hakuna anayemuuliza.

Kuna jambo moja la heshima. Goma ni mji uliozika watu wa ndege. Tarehe 15 Aprili 2008 DC-9 ilipita mwisho wa pisti ikaingia Birere. Tarehe 24 Novemba 2019 Dornier 228 iliyokuwa inaenda Beni iliangukia Mapendo. Mara zote mbili walikufa pia watu waliokuwa chini, kwenye biashara zao na nyumba zao. Na kwenye njia ya Walikale, familia nyingi ziko na jina la mtu ambaye hakurudi. Mukitaka kutengeneza ndege fulani iliyoanguka, nendeni kwanza kwa familia. Wengine watakataa, na neno lao litoshe. Wengine watatoa picha iliyokuwa imefichwa kabatini miaka yote, na watataka jina liandikwe.

Andikeni, basi. Chini ya kila maketi bandikeni karatasi: ndege ya aina gani, ilifanya njia gani, miaka gani, ilibeba nini, na nani aliyesimulia. Anzeni na picha za simu, sababu simu inaibiwa, inaanguka majini, inakufa. Maketi bila karatasi, miaka kumi ijayo itakuwa avio ya karto tu, na mtoto atakimbia nayo barabarani. Yenye karatasi itawekwa juu ya kabati, na siku mzee hayuko tena, kutakuwa na fasi moja nyumbani ambapo kazi yake imeandikwa kwa sentimeta.