Moto wa mkaa hulala, haufi

Kati ya Jinja na Mbale hakuna mgodi wa makaa ya mawe. Hata hivyo, wafanyabiashara wanaopakia mkaa kando ya barabara ya Tirinyi wanaijua tabia ya moto ambao umezishinda serikali tajiri.

Mchomaji mkaa hupanga magogo, akayafunika kwa majani na udongo, kisha akaupimia moto hewa kidogo. Tundu moja likiachwa wazi, kazi yote huwa majivu.

Tabaka la makaa ya mawe linaloungua chini ya ardhi ni tanuri lisilo na mwenyewe. Hewa huingia kupitia nyufa na mashimo ya zamani, huku miamba ikizuia joto lisitoke. Makaa yakiisha hubaki uwazi, ardhi hutitia, na nyufa mpya huleta hewa zaidi.

Huko Jharia, India, moto uliripotiwa mwaka 1916 na bado unawaka. Centralia, Marekani, ulianza mwaka 1962. Mwaka 1984 serikali ilitenga dola milioni 42 za kuwahamisha wakazi, kwa kuwa kuuchimbua moto wote kungegharimu mara nyingi zaidi.

Maji hayatoshi. Hufuata njia rahisi na kuacha sehemu nyingine zikiwaka. Yakikuta makaa mekundu, huzalisha gesi zinazoweza kulipuka. Kuziba kwa udongo husaidia, lakini joto hudumu miaka mingi. Ufa mmoja ukifunguka, moto huamka.

Gunia la mkaa hufuata kanuni hiyo hiyo. Mkaa uliotoka tanurini leo hufyonza hewa na kupata joto wenyewe, hata kama hauonyeshi cheche. Ukibanwa chini ya turubai, unaweza kuwaka kabla lori halijafika Malaba au Busia, ukateketeza mtaji wa watu kadhaa waliochangia usafiri.

Kinga yake haina gharama kubwa. Mkaa mpya utandazwe na kuachwa upoe angalau usiku na mchana mzima kabla ya kufungwa. Magunia yaguswe, hasa ya katikati. Linalofuka moshi litengwe, limwagwe, limwagiwe maji huku likigeuzwa mpaka lipoe kabisa. Na mtu asilale ndani ya ghala la mkaa: gesi yake haina harufu, nayo huua.