Vyuo vyetu navyo viwe na siku ya kurejea

Wanasiasa wetu wamelitwaa neno la Kiingereza "homecoming" wakaligeuza kuwa karamu. Mtu akiteuliwa kuwa waziri au katibu, mahema hupigwa, ng'ombe huchinjwa, wageni mashuhuri huteremka kwa helikopta, na wanakijiji hutangaziwa kwamba mwana wao amerudi nyumbani, ilhali juma lililotangulia walikuwa naye pale pale sokoni. Katika vyuo vikuu vya Marekani, ambako desturi yenye jina hilo ilishika mizizi mwanzoni mwa karne ya 20, maana ni nyingine kabisa. Ni Jumamosi moja ya majira ya vuli ambapo timu ya chuo hucheza kandanda katika uwanja wake, na kila aliyewahi kusoma pale hualikwa kurudi. Haulizwi amekuwa nani tangu aondoke. Inatosha kwamba alipita pale.

Tangu mwezi wa Machi, mimi na wenzangu watatu tumekuwa tukiipanga wikendi ya namna hiyo katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, tulikosoma pamoja. Msomaji ataniuliza mhadhiri wa isimu ana kazi gani na kandanda ya Wamarekani, mchezo ambao mpira wake una umbo la yai na huguswa kwa mguu mara chache mno. Swali hilo nililiuliza mimi pia mwaka wa kwanza nilipofika kule. Ninaloandika leo halihusu sana mchezo wenyewe. Linahusu tarehe: faida ya kuwa na siku moja katika mwaka ambayo imekwisha kuchaguliwa na mtu mwingine, hivi kwamba marafiki waliotawanyika wamebakiwa na swali moja tu, kwamba watakuja au hawatakuja.

Tulikuwa watano. Mmoja alikuwa Mkenya mwenzangu aliyesomea uchumi. Wa pili ni dada yetu kutoka Nyeri, ambaye siku hizi ni muuguzi huko Minneapolis. Wa tatu ni Mtanzania aliyebaki Marekani akifundisha Kiswahili. Wa nne ni Mmarekani, mwana wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambaye nilimfundisha Kiswahili nilipokuwa mwalimu msaidizi. Yeye hufundisha historia katika shule ya upili mjini Milwaukee, na hadi leo huniita Mwalimu japo nimemwambia mara nyingi kwamba deni hilo amekwisha kulilipa. Chuo Kikuu cha Wisconsin kilianzisha idara ya lugha na fasihi za Kiafrika mwaka wa 1964, na bila shaka sisi si kundi la kwanza la watu wa mbali waliokutanishwa pale na Kiswahili.

Baada ya masomo kila mtu alishika njia yake. Kwa zaidi ya miaka kumi tuliahidiana kukutana. Tulisema mwaka ujao, tukasema Krismasi, tukasema watoto wakishakua. Kisha yule mwenzetu wa uchumi akafariki, akazikwa kwao Kisii, na likaundwa kundi la simu la kuchangia mazishi. Katika sisi wanne waliobaki, mimi peke yangu ndiye niliyefika kaburini. Wengine waliyafuata mazishi kupitia simu, mtandao ukikatika kila padri alipofungua kinywa. Nadhani kila mwalimu na mwanafunzi anayesoma ukurasa huu amo katika kundi moja au mawili ya aina hiyo. Huundwa kwa haraka, hujaa pole na risiti za M-Pesa, kisha hunyamaza. La kwetu lilikuwa limenyamaza kwa miezi minne wakati yule wa Milwaukee alipoandika mstari mmoja: "Wenzangu, tarehe ya mechi ya kurejea imetangazwa. Nani anakuja?"

Kupanga wikendi hiyo si jambo la kukurupukia. Madison ni makao makuu ya jimbo na ina wakazi wapatao 270,000, lakini uwanja wa Camp Randall pekee huchukua watu zaidi ya 75,000. Siku ya mechi ni kana kwamba zaidi ya robo ya mji imemiminwa katika mitaa michache. Kwa hiyo mwenye busara huanza na kitanda, si na tiketi. Tiketi hupatikana hata katika juma la mwisho, kwa kuwa hakosi mtu aliyeugua au aliyeitwa kazini, kitanda hakipatikani. Hoteli nyingi hukataa kumpokea mgeni wa usiku mmoja, hudai alipie Ijumaa na Jumamosi zote mbili, na bei huwa imepanda kupita kiasi. Sisi tulijikuta tumefika Middleton, kitongoji kilicho magharibi mwa mji, katika vyumba viwili. Dada yetu atalala kimoja. Sisi wanaume watatu tutabanana katika cha pili kama tulivyozoea zamani.

Mpango wa Jumamosi yenyewe ulipangika wenyewe, maana hakuna aliyesahau njia. Asubuhi tutaanzia kwenye soko la wakulima linalozunguka jumba la bunge la jimbo. Soko hilo lilianza mwaka wa 1972, na watu wote hulizunguka kwa mwelekeo mmoja, kinyume cha mishale ya saa. Anayethubutu kwenda kinyume chao hukumbushwa kwa macho tu. Pale huuzwa jibini mbichi iliyokatwa vipande, ambayo ikiwa ya siku hiyo hiyo hulia inapotafunwa. Kutoka hapo barabara ya State Street huteremka moja kwa moja hadi chuoni, na mtu anaweza kuitembea yote kabla kahawa yake haijapoa.

Kisha tutaelekea Regent Street, karibu na uwanja. Mtaa huu ndio uliyonifundisha maana ya mji wa chuo. Wenye nyumba huweka vibao mbele ya uga wao na kuwauzia wageni nafasi za kuegesha magari juu ya nyasi. Watoto husimama kandokando wakiuza maji na soda. Wageni nao hushusha mlango wa nyuma wa gari, wakaufanya meza, wakawasha jiko la makaa na kuchoma soseji za Kijerumani zilizochemshwa kwanza katika pombe. Wenyewe wana jina moja la karamu hiyo, linalotokana na ule mlango wa gari. Mtanzania wetu huiita "mnuso wa buti", nami kama mwanaisimu sijaona sababu ya kumsahihisha. Mtu asiyekujua hukupa soseji kwa kuwa tu umevaa nyekundu, rangi ya chuo. Profesa, fundi wa mabomba na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza husimama kwenye moshi mmoja wakilaumu kocha yule yule.

Uwanja wenyewe ulifunguliwa mwaka wa 1917, katika ardhi iliyokuwa kambi ya kufundishia wanajeshi wa upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Jina la Randall ni la gavana wa wakati huo. Ndani yake, baina ya robo ya tatu na ya nne ya mchezo, wimbo mmoja hupigwa na maelfu ya watu huruka kwa pamoja hadi saruji ikatikisika. Desturi hii haina umri mkubwa, ilianza 1998. Mwaka wa 2003 wakuu waliizuia kwa hofu ya usalama, wanafunzi wakapiga kelele, wahandisi wakathibitisha kwamba uwanja unahimili, na watu wakarudi kuruka. Mechi ikiisha, hata kama timu imeshindwa, bendi ya chuo hubaki uwanjani ikipiga muziki, na kipindi hicho huitwa robo ya tano. Wengi hukaa kuisubiri hiyo.

Si wote miongoni mwetu wanaoupenda mchezo huu. Dada yetu muuguzi amesema wazi: "Kaka zangu, nitaendesha gari saa nne kuja kuwaona ninyi. Sitakaa kuwatazama watoto wa watu wakigonganisha vichwa." Ana haki. Madhara ya migongano hiyo kwa ubongo yamethibitishwa, na yeye huwahudumia wagonjwa wa kichwa. Tumekubaliana kwamba wakati wa mechi atakaa ukingoni mwa Ziwa Mendota, penye viti vile vya rangi nyuma ya jumba la wanafunzi, naye ndiye atakayetushikia meza ya jioni. Kwa hiyo tumenunua tiketi tatu.

Kitu kimoja hatukuweza kukipanga, nacho ni saa. Tarehe tunaijua tangu mapema, lakini mechi inaweza kuanza saa tano asubuhi, saa nane na nusu mchana au usiku, na mara nyingi hilo hutangazwa siku 12 kabla, wakati mwingine siku 6 tu. Wanaoamua ni wenye televisheni. Mwaka wa 2022 muungano wa vyuo unaoitwa Big Ten, ambao Wisconsin imo, ulitia sahihi mkataba wa matangazo wa miaka 7 unaozidi dola bilioni 7. Jina lina maana ya kumi wakuu, lakini tangu 2024 vyuo vyake ni 18, vingine vikiwa kwenye pwani ya Pasifiki, na vijana wenye mitihani husafirishwa kutoka upande mmoja wa bara hadi mwingine. Kwa miongo mingi vijana hao hawakuruhusiwa kupata hata senti kutokana na majina yao. Mlango ulifunguliwa kidogo mwaka wa 2021, na Juni 2025 mahakama ikaidhinisha mapatano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka. Sioni ubaya wa mfanyakazi kulipwa. Ninaloliona ni kwamba kadiri fedha zinavyozidi, ndivyo ile tarehe iliyokuwa ya waliosoma pale inavyozidi kuwa ya wanaotazama wakiwa mbali. Mkulima mzee asiyejua kama atarudi nyumbani saa tisa alasiri kukamua ng'ombe au saa sita usiku hatimaye hubaki kwake.

Sasa nirudi kwetu, maana huku ndiko kunakonikera zaidi. Mahafali ya vyuo vyetu huwa ndiyo maagano. Mhitimu hupigwa picha akiwa na joho, hukodisha gari, huondoka, na akionekana tena chuoni basi amefuata cheti au nakala ya matokeo, naye huelekezwa dirisha hili na lile kama mgeni. Shule zetu za upili zinajua zaidi. Wanafunzi wa zamani wa Maseno, Alliance au Mang'u hujivunia shule zao hadi uzeeni. Lakini nimekutana na watu wengi wenye shahada mbili za chuo kimoja ambao hawakumbuki mara ya mwisho walipokanyaga hapo.

Wala tusiseme kwamba Wakenya hawajui kupanga wikendi ya mchezo. Mashindano ya raga ya wachezaji saba kila upande yakifika Kisumu au Nakuru, vijana wa Nairobi huwa wamekwisha kuchanga nauli, kutafuta vyumba na kugawana viti vya magari. Vyuo vyenyewe vina timu zenye majina: Mean Machine ya Nairobi, Blak Blad ya Kenyatta, Leos ya Strathmore. Miji nayo ipo. Njoro, Maseno na Kesses huishi kwa wanafunzi. Chuo kikifungwa ghafla, anayepangisha vyumba, anayeuza chapati na mwenye bodaboda hulala njaa kabla mhadhiri hajajua kwamba kuna mgomo. Hata hivyo mji na chuo havina siku hata moja ya kukaa pamoja bila kudaiana.

Hatuhitaji viti 75,000 wala mkataba wa televisheni. Kandanda yetu ya kawaida inatosha, au netiboli, au vyote viwili. Kinachohitajika ni Jumamosi ile ile kila mwaka, iandikwe katika kalenda ya chuo pale pale zinapoandikwa tarehe za mitihani, ili aliye Mombasa, Juba au Doha aweze kuomba likizo mapema. Nililipeleka pendekezo hilo katika mkutano wa kitivo chetu. Mwenzangu mmoja alisema wanafunzi watafanya fujo. Mwingine akauliza ni nani atakayelipa posho. Afisa wa michezo, mtu mpole, alieleza kwamba hawezi kuahidi Jumamosi yoyote kwa sababu ratiba ya mechi baina ya vyuo humfikia ikiwa imechelewa.

Hoja ya afisa huyo ndiyo pekee niliyoiona kuwa na uzito, na ina jibu: mechi ya siku hiyo isiwe ya ligi. Wahitimu wa miaka iliyopita wacheze na wanafunzi waliopo. Chama cha wanafunzi kimekubali, na wenye vibanda langoni wameuliza watarajie watu wangapi. Tumeiomba Jumamosi ya tatu ya muhula wa kwanza, nao msajili hajajibu. Wakati tunasubiri, mwalimu wa jiografia na vijana wake wamepima uwanja na kukuta goli la upande wa maktaba limeinama, na kwamba nyasi zitahitaji kukatwa mara mbili.