KUFUNGA RIMOKI NYUMA YA PIKAPU PASIPO HATARI

Maneno kwa watu wa vijiji walio karibu na njia ya migodi

Ninyi wenye kulima mashamba, someni maneno haya kwa utaratibu. Asiyejua kusoma, asomewe na mwenzake.

Mavuno yakiisha, kazi haijaisha bado. Mahindi yakikaa kijijini hayana bei kubwa. Yakifika sokoni Likasi, Kolwezi ao Lubumbashi, yana bei. Wafanya kazi wa migodi wanakula bukari kila siku, na wengi wao hawana shamba. Kwa sababu hiyo watu wa vijiji vingi wanapatana, wanakodi pikapu moja pamoja na rimoki moja (wengine wanasema trela), wanapeleka mifuko yao mara moja. Shauri hilo ni jema.

Lakini rimoki iliyofungwa vibaya inaweza kuharibu kwa dakika moja kazi ya mwaka mzima, na tena inaweza kuua mtu. Mahindi yakimwagika, utalima mengine mwaka ujao. Mguu uliopondwa hautaota tena.

Fanyeni hesabu. Rimoki tupu, tuseme ina kilo 400. Mmetia mifuko 12 ya kilo 50, ni kilo 600. Jumla ni kilo 1000. Hakuna mtu mwenye nguvu za kuzuia kilo 1000 kwa mikono zikianza kutelemka. Kwa hiyo sharti kazi ya kuzizuia ifanywe na chuma, na chuma kifungwe sawasawa.

1. NAMNA MBILI ZA KUFUNGA

Namna ya kwanza ni ya kichwa cha mviringo. Nyuma ya pikapu kuna chuma chenye kichwa cha mviringo kama ndimu. Mbele ya rimoki kuna kikombe cha chuma, kinafunika kichwa kile na kukishika. Namna hii ndiyo ya rimoki ndogo za mahindi na makala.

Namna ya pili ni ya selete. Mmeiona katika kamyo kubwa zinazopita na shaba na kobalti. Selete ni sahani nene ya chuma yenye mwanya nyuma, nayo imekaa juu ya magurudumu ya nyuma ya kamyo. Chini ya rimoki kuna msumari mkubwa sana, unaitwa pivo, unene wake milimita 50 na kidogo. Pivo inaingia katika mwanya, na meno ya selete yanaikamata. Katika inchi ya Marekani watu wanafunga hata pikapu kwa namna hii, nao wanaiita gurudumu la tano. Sababu ya jina hilo ni hii: zamani magari ya farasi yalikuwa na magurudumu manne, na juu ya mti wa magurudumu ya mbele kulikuwa na duara la chuma lililolala, ili gari liweze kugeuka. Duara lile liliitwa gurudumu la tano. Mwaka 1914 fundi mmoja wa Detroit, jina lake August Fruehauf, alitengeneza rimoki ya kuvutwa na motokari ya Ford, ili kuchukua mashua. Tangu siku zile rimoki za namna hii zimeenea dunia nzima.

Sababu gani watu wanapenda selete? Kwa kuwa uzito wa mbele wa rimoki unakaa juu ya magurudumu ya pikapu, wala hauning'inii nyuma ya mkia wake. Kwa hiyo rimoki haichezi sana kwa kushoto na kuume.

2. MBELE YA KUFUNGA

Chagueni mahali pa sawasawa, pasipo mtelemko na pasipo matope. Fukuzeni watoto na mbuzi.

Wekeni vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu ya rimoki. Kizuizi kizuri ni kipande cha mti mgumu kilichokatwa pembe tatu. Jiwe la mviringo halifai, linabingirika.

Mtu mmoja tu amwongoze shofere. Watu watatu wakipiga kelele, huyu anasema njoo, yule anasema simama, shofere hatajua amsikie nani. Mwenye kuongoza asimame kando, upande wa shofere, mahali anapoonekana katika kioo. Shofere asipomwona, asimame papo hapo.

Sikieni sana neno hili: MTU ASISIMAME KATI YA PIKAPU NA RIMOKI WAKATI PIKAPU INAPORUDI NYUMA. Wengi wanataka kushika rimoki kwa mikono na kuielekeza. Mguu wa shofere ukiteleza kidogo, tumbo la msaidizi litabanwa kati ya vyuma viwili. Pikapu isimame kwanza, freni ya mkono ivutwe, ndipo msaidizi aingie.

3. KUFUNGA RIMOKI YA KICHWA CHA MVIRINGO

Kwanza tazameni kipimo. Vichwa si vya kipimo kimoja. Cha Ulaya ni milimita 50. Vya Marekani viko vya inchi 2, yaani karibu milimita 51, na vingine vikubwa zaidi, karibu milimita 59. Kikombe kikubwa juu ya kichwa kidogo kitaonekana kama kimeshika, lakini katika shimo la kwanza kitaruka. Kipimo kimeandikwa juu ya chuma. Someni pande zote mbili.

Kisha fanyeni hivi:

Inueni pua ya rimoki kwa kriki, ipite juu ya kichwa kidogo. Shofere arudi polepole mpaka kichwa kiwe chini ya kikombe. Asimame, avute freni ya mkono.

Telemsheni pua mpaka kikombe kimeze kichwa chote. Fungeni mkono wa kikombe, tieni gupili katika tundu lake.

Sasa jaribuni. Inueni tena pua kwa kriki. Mkia wa pikapu ukiinuka pamoja na pua, kikombe kimeshika. Pua ikiinuka peke yake, hakikushika, anzeni tena.

Fungeni minyororo miwili chini ya pua, ipitane kama msalaba. Kazi ya minyororo ni hii: kikombe kikiruka, pua itaanguka juu ya msalaba ule, haitachimba njia. Minyororo iwe mirefu kiasi cha kugeuka tu, isiburuze chini.

Mwisho fungeni waya wa taa. Mtu asimame nyuma, shofere akanyage freni, awashe taa za kugeuka, kushoto na kuume. Taa isiyowaka sharti itengenezwe mbele ya kuondoka.

Neno juu ya gupili. Tuseme kuna shofere wawili, na gupili zao zimepotea. Wa kwanza anaokota msumari mwembamba, anautia katika tundu, anaondoka upesi ili awahi soko. Wa pili anangoja, anatuma mtoto kwa baiskeli mpaka kwa fundi, anapata gupili ya kweli, anaondoka saa tatu nyuma ya mwenzake. Katika mtelemko wa kwanza msumari unakatika. Rimoki ya yule wa kwanza iko katika mtaro, na mifuko imepasuka. Yule wa pili anapita, anafika sokoni, anauza. Basi, nani aliyewahi? Gupili ni kitu kidogo na bei yake ni ndogo. Nunueni mbili, moja ikae katika sanduku la vyombo.

4. KUFUNGA RIMOKI YA SELETE

Vijana wengi wanatafuta kazi ya msaidizi katika kamyo. Ni vema wajue kazi hii mbele ya kuombwa kuifanya.

Tazameni sahani ya selete: iwe na mafuta mazito juu yake, na meno yawe wazi. Ikiwa ni pikapu, fungueni ubao wa nyuma, usije ukagongwa na pua ya rimoki.

Pimeni urefu. Sahani ya rimoki iwe chini kidogo kuliko sahani ya selete, ili selete ikiingia iinue rimoki kidogo. Rimoki ikiwa juu sana, pivo itapita juu ya meno, ao meno yatashika ncha yake tu. Hapo ndipo hatari kubwa: shofere anasikia mlio, anadhani imefunga, kumbe haikufunga.

Rudini nyuma polepole, kwa mstari ulionyoka, mpaka meno yafunge. Vuteni freni ya mkono.

Usiamini sikio lako, amini jicho lako. Chukua taa ya mkono, tazama kati ya sahani mbili: kusiwe na nafasi ya kupitisha mwanga. Tazama nyuma ya pivo: meno yawe yameizunguka shingo yake. Mkono wa selete uwe umeingia mahali pake, na gupili itiwe.

Fungeni waya wa taa na wa freni. Kwa kamyo, fungeni mipira ya hewa. Ikiwa kuna kamba ya chuma inayoamsha freni ya rimoki ikikatika, ifungeni katika mwili wa pikapu, wala si katika mkono wa selete.

Jaribuni. Vizuizi vikae bado, freni ya rimoki ifungwe, na miguu ya rimoki iinuliwe juu ya udongo kidogo tu. Shofere avute mbele kwa upole. Rimoki ikishika, ni vema. Ikiwa haikufunga, itaanguka kidogo tu juu ya miguu yake, haitavunja kitu. Nyuma ya jaribu hilo inueni miguu mpaka mwisho, fungeni ubao wa nyuma, ondoeni vizuizi.

5. KUPANGA MIZIGO

Mizigo mibaya inaharibu hata ufungaji mzuri. Ukitia mifuko yote nyuma, pua inataka kuinuka, nayo inainua mkia wa pikapu. Rimoki itaanza kutikisika kama mkia wa samaki. Ukitia yote mbele, magurudumu ya mbele ya pikapu yatakuwa mepesi, na usukani hautatii.

Mizigo mizito ikae chini, karibu na magurudumu ya rimoki, kidogo kwa mbele. Kwa rimoki ya kichwa cha mviringo, uzito wa pua uwe karibu sehemu moja ya kumi: rimoki ya kilo 1000, pua kilo 100. Lakini usipite kilo zilizoandikwa katika chuma cha pikapu. Pua ikizidi, sogezeni mifuko nyuma kidogo, ao punguzeni mizigo. Kwa rimoki ya selete ni zaidi, tangu kilo 15 mpaka 25 katika kila kilo 100.

Namna gani ya kupima kijijini? Chukueni mizani ile ya kupimia mahindi. Wekeni juu yake kipande cha mti, pua ilale juu ya mti kwa urefu ule ule wa pikapu, kisha someni.

Mtu asipande juu ya mifuko katika rimoki, hata kama amelipa. Rimoki si mahali pa watu.

6. NJIANI

Nyuma ya kilometri moja simameni, shukeni, tazameni tena gupili, minyororo, kamba na magurudumu. Fanyeni hivyo kila mara mnaposimama. Pengine mtu mwingine amegusa gupili mlipokuwa mkila.

Nendeni polepole. Njia ya udongo yenye mashimo inataka mwendo mdogo kuliko ya lami, na wakati wa mvua, tangu Novemba mpaka Aprili, mdogo zaidi. Acheni nafasi kubwa kati yenu na kamyo iliyo mbele, kwa kuwa pikapu yenye rimoki haisimami upesi.

Rimoki ikianza kutikisika, shofere asikanyage freni kwa nguvu, wala asigeuze usukani huku na huku. Aondoe mguu polepole katika mafuta, ashike usukani ulionyoka, mpaka mwendo upungue. Kisha asimame, apange mizigo upya.

Njia ya Lubumbashi mpaka Kolwezi ni ya kamyo nzito. Mwezi wa Februari 2019, kamyo iliyobeba asidi iligongana na motokari nyingine kijijini Kabwe, wakafa watu karibu 20. Mwenye kuvuta rimoki katika njia kama hii awe na macho manne.

Mkiharibikiwa, ondoeni rimoki kando kabisa, wekeni alama mbali nyuma yake. Na mkiondoka, ondoeni pia mawe mliyozuia magurudumu. Jiwe lililoachwa njiani usiku linaua mtu ambaye hamkumjua.

7. KUFUNGUA

Tafuteni tena mahali pa sawasawa. Wekeni vizuizi kwanza, kabla ya kugusa kitu kingine. Kisha telemsheni mguu wa rimoki mpaka ushike udongo. Kama udongo ni laini, tieni ubao chini yake. Ondoeni waya na minyororo. Fungueni kikombe ao selete. Shofere aende mbele kidogo, asimame, atazame kama rimoki imetulia. Ndipo aondoke.

Mwenye kufungua bila kuweka vizuizi ataona rimoki ikiondoka peke yake, na nyumba ya jirani iko chini ya mtelemko.

MANENO YA KUSHIKA KICHWANI

Vizuizi vinatangulia kuwekwa, na vinakuwa vya mwisho kuondolewa.
Mtu asisimame kati ya vyuma viwili.
Kipimo cha kichwa na cha kikombe kiwe kimoja.
Gupili ya kweli, si msumari.
Tazama kwa macho, kisha jaribu kwa kuvuta.
Mizigo chini, na kwa mbele kidogo.
Simama nyuma ya kilometri moja, tazama tena.

Kazi yote hii inachukua nusu saa. Mlilima miezi mingi, mkapalilia, mkavuna, mkapukucha. Msikatae nusu saa ya mwisho. Mwenye kijiji achague watu wawili wenye akili, wajifunze maneno haya mpaka wayajue, nao wawe walinzi wa rimoki kila siku ya soko.