Majina ya Zamani Katika Maombi ya Uraia

Wasomaji wetu wa Ifakara, Mang'ula na Mlimba wametuuliza mara kwa mara habari ya majina katika maombi ya uraia. Je, mtu aliyekuwa na jina jingine zamani, naye sasa ajulikana kwa jina jipya, yampasa kulitaja lile la kwanza, au la zamani lizikwe? Jawabu ni fupi: yampasa kulitaja. Lakini sababu zake ni ndefu kidogo, nazo ndizo tutakazozieleza hapa, maana twaona kwamba wengi hawafichi majina yao kwa uovu, bali kwa kutojua uzito wake, na wengine kwa aibu.

Katika bonde la Kilombero si ajabu mtu mmoja kuwa na majina manne. Mtoto huzaliwa akapewa jina la babu yake. Akipelekwa kubatizwa, huandikwa jina la mtakatifu. Akiwa mtu mzima akasilimu, hupata jina la tatu. Mwanamke naye, tangu siku ajifunguapo mtoto wa kwanza, huitwa Mama Fulani, hata jirani aliyelima naye mpunga miaka ishirini pengine halijui jina lake mwenyewe. Na makarani wana sehemu yao katika jambo hili. Huyu husikia R akaandika L, yule hukata jina refu kwa kuwa nafasi katika daftari ni ndogo, na mwenye jina, kwa kumheshimu karani, hunyamaza.

Kwanza tuondoe hofu ya bure. Mndamba, Mpogoro, Mbunga au Mbena aliyezaliwa humu nchini na wazazi walio raia, haombi uraia, kwa kuwa anao tangu kuzaliwa. Maneno yetu yawahusu wale waliotoka nje. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, yatoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi katika Zambia, mwendo wa kilometa 1,860, nayo yapita Kidatu, Ifakara na Mlimba. Reli hiyo ilifanya safari kuwa nyepesi, na watu wa nchi jirani waliofika kutafuta kazi au biashara, wakaoa au kuolewa, wakajenga, si wageni tena machoni pa majirani. Lakini machoni pa sheria ni wageni mpaka wapewe hati.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 yasema uraia hupatikana kwa kuzaliwa, kwa kurithi, au kwa tajnisi. Mwombaji wa tajnisi yampasa awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba; tena katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Yampasa ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, awe amelifaa taifa na aweze kulifaa bado, na awe na nia ya kukaa daima. Maombi hupita katika Idara ya Uhamiaji, na mwenye kutoa uraia ni Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Hatusemi zaidi juu ya masharti hayo, ila twamwomba msomaji atazame jinsi kila moja linavyotegemea jina.

Tuanze na hesabu ya miaka. Tuseme mtu alitoka Malawi, akaajiriwa katika mashamba ya miwa huko Kidatu. Kwao mtu hutumia jina lake na jina la ukoo. Huku kwetu huandikwa jina lake, la baba na la babu. Basi kwenye hati yake ya kusafiria ana majina mawili, na kwenye daftari la kazi ana matatu, na mawili kati ya hayo hayamo katika hati. Akileta karatasi za mshahara kuonyesha kwamba amekaa miaka tisa, nazo hazifanani na jina aliloombea, miaka ile yaonekana ni ya mtu mwingine. Hakudanganya hata kidogo, lakini kwa kutoeleza amejinyang'anya ushahidi wake mwenyewe.

Pili ni tabia njema. Itajulikanaje? Huulizwa polisi, huulizwa mahali alipokaa. Kama aliishi Mlimba kwa jina moja na Ifakara kwa jingine, na ametaja la Ifakara tu, watu wa Mlimba watajibu kwamba hawamjui. Na hapa ndipo desturi ya kutangaza magazetini inapohusika. Mwombaji hutangazwa katika gazeti kwamba anaomba uraia, na kila anayejua sababu ya kutopewa aandike barua kwa Waziri. Tangazo hilo ni mlango uliofunguliwa kwa watu wote. Likitoka na jina ambalo hakuna amjuaye nalo, mlango umefunguliwa upande wa ukuta. Haishangazi basi kwamba Serikali, ikigundua baadaye, hudhani jina lilifichwa makusudi.

Sasa twafikia jambo gumu kuliko yote, nalo tulikawia kulisema. Watu wa nchi hii wajua kwamba zamani mtoto aliyeshindwa mtihani wa darasa la saba hakuruhusiwa kuurudia, na wazazi wengine waliwahamishia watoto wao shule ya mbali, wakawaandikisha kwa jina la mtoto aliyeacha masomo. Mtoto akafaulu kwa jina lisilo lake, akaendelea nalo hata akawa mtu mzima mwenye kazi. Tuseme mtoto huyo alikuja kutoka Zambia akishikwa mkono na mama yake. Leo ana umri wa miaka arobaini, ana mke na nyumba hapa Ifakara, na anataka kuomba uraia. Akiandika jina la shule peke yake, ameomba kwa jina la mtu mwingine, naye huyo mwingine labda yu hai kijijini kwake. Akiandika jina alilopewa na wazazi peke yake, vyeti vyote havimsaidii. Akiandika yote mawili, amekiri kosa.

Twamshauri aandike yote mawili. Hatusemi kwamba atasamehewa, maana hilo si letu kuahidi, na cheti kilichopatikana kwa jina la mwenzake chaweza kumletea taabu kazini. Aprili ya 2017 haijasahauliwa, watumishi wa umma 9,932 walipotajwa kuwa na vyeti vya kughushi wakaondolewa kazini. Lakini azitazame hasara mbili hizo, apime ipi ni kubwa. Sheria ya Uraia yampa Waziri uwezo wa kumvua uraia mtu aliyeupata kwa hila, kwa maelezo ya uongo, au kwa kuficha jambo la maana. Na mtu aliyepewa tajnisi amekwisha kuukana uraia wake wa kwanza, kwa kuwa nchi yetu haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Akivuliwa huu wa pili, aweza kubaki hana nchi: hana hati ya kusafiria, hana haki ya kupiga kura, na kukaa kwake katika nyumba aliyoijenga ni kwa ruhusa ya wengine.

Mambo haya hayatokei kwetu tu. Uingereza nako fomu ya kuomba uraia yamtaka mwombaji ataje majina yote aliyopata kuitwa, na sheria yao ya mwaka 1981 yaruhusu kumvua uraia aliyeficha jambo la maana. Mwaka 2022 yule mkimbiaji mashuhuri Mo Farah, aliyeshinda mbio za meta 5,000 na 10,000 katika Olimpiki za London mwaka 2012, alieleza hadharani kwamba jina lake la kuzaliwa ni Hussein Abdi Kahin. Alizaliwa Somaliland, akiwa mtoto mdogo alichukuliwa na mwanamke mmoja hata Uingereza kwa jina la mtoto mwingine, akatumikishwa kazi za nyumbani, na mwaka 2000 akapata uraia kwa jina lile lile. Serikali ya huko ilitangaza kwamba haitamchukulia hatua yoyote. Twafurahi kwa ajili yake, maana mtoto hana hatia katika jambo alilotendewa. Lakini msomaji asidhani kwamba kila mtu atapata huruma ile. Yeye alikuwa mtoto wakati ule, na dunia nzima ilimjua.

Mfano mwingine watufaa zaidi, kwa kuwa wahusu jina la babu. Ayaan Hirsi Magan, Msomali aliyepata kukaa Nairobi utotoni, aliomba hifadhi Uholanzi mwaka 1992 akijiita Hirsi Ali, akapewa uraia mwaka 1997, hata akawa mbunge. Mwezi wa Mei 2006 Waziri wa huko alisema kwamba, kwa kuwa jina lile halikuwa la kweli, uraia wake haukupata kuwapo. Ugomvi ukawa mkubwa. Mwishoni mwa Juni ikaonekana kwamba Ali lilikuwa jina la babu yake, na kwa sheria ya Kisomali aliruhusiwa kulitumia, basi uraia ukabaki. Lakini chama kimoja kilijitoa katika serikali kwa ajili ya shauri hilo, na baraza la mawaziri likajiuzulu. Jina moja la babu liliangusha serikali ya Ulaya. Na hapa Ifakara ni watu wangapi huandika jina la babu leo na kesho wakaliacha?

Basi mwombaji afanye hivi. Kabla ya kujaza karatasi, na aketi na vyeti vyake vyote mezani, aandike kila jina lililomo katika kila cheti, na mwaka wake. Jina la utani la mpirani si lazima, ila kama aliwahi kuandikishwa nalo mahali, au watu wa mtaa hawamjui kwa jingine. Mwanamke aliyeolewa alete cheti cha ndoa, kionyeshe jina la kwao na jina la mume. Aliyebadili dini alete barua ya msikiti au ya kanisa. Aliyebadili jina kwa sheria alete hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Na ambaye majina yametofautiana tu kwa makosa ya makarani, ale kiapo mbele ya hakimu au kamishna wa viapo kwamba majina haya na haya ni ya mtu mmoja. Asisubiri kuulizwa. Aliyeulizwa akajibu, huonekana kama aliyekamatwa, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Kwa waliobatizwa, vitabu vya ubatizo vya misheni vyafaa sana, maana padri aliandika jina la mtoto, la wazazi na la mahali, na vitabu hivyo hutunzwa. Aliye ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga au Malinyi, ambaye jina lake limo katika kitabu cha Ifakara, hana haja ya kungoja kivuko kama zamani. Daraja la mto Kilombero lilifunguliwa mwaka 2018, aweza kwenda asubuhi na kurudi na nakala yake jioni.