Roboti Yenye Jicho la Fundi

Roboti ya kuchomelea vyuma haichoki wala mkono wake hautetemeki. Kasoro yake kubwa kwa miaka mingi ilikuwa upofu. Ilifundishwa njia moja, ikaipita vilevile kutwa. Vipande vikikaa kombo kidogo, au bati likijikunja kwa joto, yenyewe ilichomelea kando ya kiungio bila wasiwasi. Viwanda vya magari vilijiepusha na balaa hilo kwa kubana vipande kwenye fremu zilizopimwa barabara, gharama ambayo karakana ndogo haiwezi kuibeba.

Fundi hutegemea macho. Nyuma ya kioo cheusi hukitazama kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka: kikipanuka mno, huharakisha mkono, kikisinyaa, hukawia. Kuifungia roboti kamera tu hakutoshi, kwa sababu moto wa umeme, wenye joto linalopita nyuzi 6,000 za Selsiasi, huifanya picha nzima kuwa nyeupe.

Katika Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, Profesa YuMing Zhang na wenzake walibuni njia ambayo kwangu ndiyo ya werevu zaidi. Uso wa kidimbwi hung'aa kama kioo. Wakaumulika kwa nukta nyingi za leza, zikaakisiwa hadi kwenye skrini iliyowekwa mbali kidogo. Mwanga wa moto husambaa pande zote na kufifia haraka. Leza hufika ikiwa bado na nguvu. Kamera, basi, huitazama skrini badala ya moto. Kutokana na jinsi nukta zilivyopinda, kompyuta hukokotoa upana, urefu na kimo cha kidimbwi, kisha hurekebisha ampea au kasi papo hapo. Katika kuchomelea mabomba, hilo ni jambo kubwa: ndani hakuonekani, na umbo la kidimbwi huku juu hudokeza kama moto umepenya hadi upande wa pili.

Lakini irekebishe kwa kiasi gani? Hapo watafiti walirudi kwa binadamu. Walirekodi kidimbwi pamoja na namna mchomeleaji stadi alivyokuwa akikijibu, wakaunda kanuni kutokana na mkono wake.

Kwa mageti yanayotengenezwa Kamukunji, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, ambako kila mteja ana vipimo vyake, mashine hiyo bado haitarudisha gharama yake. Lakini kurekodi mafundi hakuhitaji kuisubiri. Vyuo vyetu vya ufundi vianze sasa, picha na ampea kwa pamoja, kabla wakongwe hawajastaafu.