Kimya cha Mhojiwa: Lugha na Swali Lisilojibiwa

Katika tafiti za kitaifa za UKIMWI, kama ule wa mwaka 2003–04, wadadisi huingia katika kaya za Dodoma na Singida, kama za mikoa mingine, wakiuliza mambo ambayo mila huyasitiri. Baadhi ya maswali hubaki bila jibu. Mwanatakwimu huandika "hakujibu" na kuendelea. Mwanaisimu hana budi kuuliza: kilichokataliwa ni jambo lenyewe, au ni neno lililolitaja?

Tuchukue tafsida "tendo la ndoa". Ina adabu, lakini imebeba ndoa ndani yake. Msichana asiyeolewa akiulizwa iwapo amewahi kulifanya, aweza kukana bila kusema uongo, au kunyamaza kwa kuona halimhusu. "Ngono" ni neno wazi zaidi, ila masikioni mwa wengi lakaribia tusi. "Kujamiiana" lina harufu ya darasa na zahanati. Kila neno, basi, humchagua wa kulijibu.

Uwanda wa kati unaongeza ugumu. Kwa Mgogo, Mrangi au Msandawe wa kijijini, hasa mzee, Kiswahili aghalabu ni lugha ya shule na serikali. Isitoshe, mazungumzo ya mwili yana mahali pake: jandoni, kwa bibi, kwa mtani. Mdadisi mwenye dodoso si kungwi, si bibi, wala si mtani. Akiwa na umri wa mkwe, kumjibu ni kuvunja heshima.

Uchunguzi wa Mary Plummer na wenzake kuhusu vijana wa vijijini mkoani Mwanza, uliochapishwa mwaka 2004, unatuonya zaidi. Miongoni mwa wasichana ambao vipimo vilithibitisha kuwa wamewahi kujamiiana, chini ya theluthi moja walikiri kwa uthabiti. Hata jibu lililoandikwa, kumbe, laweza kuwa kimya kilichovikwa neno.

Madhara yake si madogo. Wakinyamaza zaidi walio hatarini, wastani hupotoka, na huduma hukosa wanaozihitaji. Ndipo mtaalamu wa Kiswahili anapohitajika: ayapime maneno ya dodoso kijijini kabla ya utafiti, na atenganishe asiyejua, asiyetaka na asiyeelewa swali. Watatu hao wakitiwa katika kisanduku kimoja, kosa la muulizaji huandikwa kuwa ukaidi wa mjibuji.